Moyo wa Mzee Adolfu

"Lydia, utaling'oa hilo pazia."

"Mama, nyamaza kidogo. Mzee Kija ndiyo anaanza."

Mama Lydia akatikisa kichwa na kurudi kwenye sufuria lake la wali. Tangu lini mtoto wa kike akasimama nyuma ya pazia kusikiliza posa yake mwenyewe? Zamani binti aliyeletewa posa alipelekwa kwa shangazi huko, akachambue maharage, akaletewa habari jioni. Huyu wa kwake, kwa kuwa amesoma mpaka amechoka, alikuwa amebana jikoni, sikio moja sebuleni, jicho moja kwenye simu, na moyo wake ukienda mbio kuliko pikipiki iliyowaleta wageni.

Na wageni wenyewe walikuwa wametoka mbali. Walipanda mlima kutoka Bonde la Rukwa asubuhi ile, kwenye ukungu na matope ya mwezi wa pili, hadi hapa Malangali, Sumbawanga mjini. Walikuwa wawili, wa jamii ya wafugaji: Mzee Kija, mshenga, na mpwa wake Mayunga, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema neno. Kazi yake ilikuwa kukaa, kuinamisha kichwa na kuonekana ana adabu. Mpaka hapo alikuwa anaifanya vizuri.

Lydia alichungulia. Akakiona kisogo cha Mayunga. Jamani, kisogo tu! Mwanamke mzima, mtafiti, mwenye shahada mbili na ya tatu iko njiani, akataka kutoka nyuma ya pazia kwa ajili ya kisogo.

Walikutana chuoni, Arusha, kwenye chumba cha maabara kilichojaa nyaya. Lydia alikuwa anatengeneza kihisi, kidude chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kinachobandikwa kifuani. Ndani yake mna saketi nyembamba inayosikiliza mapigo ya moyo, halafu antena inayarusha kwa mawimbi mpaka kwenye simu, na simu inaonyesha moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Ukizidi kiasi, simu inapiga kelele. Saketi ilikuwa ya Lydia. Antena ilikuwa ya Mayunga. Siku moja Mayunga aliungua kidole kwenye chuma cha moto cha kulehemu nyaya, Lydia akamshika mkono akampulizia. Kidole kilipona siku ileile. Mayunga mwenyewe hakupona mpaka leo.

Sasa Lydia alikuwa amerudi nyumbani kukijaribu kihisi kwa wazee wenye matatizo ya moyo, na wa kwanza kumbandika alikuwa baba yake, Mzee Adolfu. Mwaka jana moyo wa mzee ulimruka kanisani katikati ya Misa, akaanguka na kitabu chake cha nyimbo, na daktari akasema asiudhiwe. Ndiyo maana Lydia alikuwa na simu mkononi. Alitaka kuolewa, ndiyo, lakini hakutaka posa imuue baba yake.

"Mzee mwenzangu," Mzee Kija alikuwa anasema kwa sauti ya kubembeleza, "tumepita hapa nje tukaona ua limechanua. Tukasema tuingie tuulize, je, lina mwenyewe?"

"Ua?" Mzee Adolfu akajibu. "Hapa kwangu hakuna maua. Hapa tunalima ulezi. Na ulezi nyie mnaujua vizuri, mlishaula."

Lydia akafumba macho. Ameanza!

"Mzee wangu, hilo la ulezi..."

"Hilo la ulezi ndilo lenyewe! Mwaka ule huyu binti anapokea komunyo ya kwanza, ulezi umekomaa, mama yake ameshaosha mitungi ya pombe. Usiku ng'ombe wenu wakapita. Asubuhi nakuta mavi matupu. Sherehe nzima watu wamekunywa chai ya rangi. Padri, chai ya rangi! Wajomba zake wametoka Nkasi na ngoma zao, wanacheza kwa chai ya rangi! Umewahi kuona wapi jambo kama hilo?"

"Pole sana, mzee. Lakini sisi mwaka huo tulikuwa hatujahamia huku. Ng'ombe wale hawakuwa wetu."

"Nilikuta nyayo."

"Nyayo za ng'ombe ni nyayo za ng'ombe, mzee wangu."

"Na mmoja nilimwona kwa mbali anaishia. Pembe zilikuwa za kwenu!"

Sauti ya Mzee Adolfu ilikuwa inapanda, na vikombe vya chai vilikuwa vinalia juu ya sahani zake. Lydia akaangalia simu akiwa na hofu. Halafu akaangalia tena. Sitini na mbili.

"Mama! Njoo uone. Sitini na mbili!"

"Ndiyo nini?"

"Baba anafoka vile, halafu moyo wake umelala! Yaani hana hasira hata chembe."

"Baba yako huyo ninayemsikia?"

"Mashine haidanganyi, Mama. Anaigiza tu. Anataka wamnyenyekee. Ndani ya moyo amekubali!"

Furaha ilimjaa Lydia mpaka akataka kuruka. Wiki nzima alikuwa akifuatilia moyo wa baba yake kwenye simu ile, na wiki nzima ulikuwa umetulia ajabu. Kasoro ilikuwa moja tu, mitetemo midogo ya kufuatana iliyojitokeza kwenye mstari usiku, saa nyingi bila kukoma. Lydia akaandika kwamba mzee husaga meno usingizini.

Akamtumia Mayunga ujumbe haraka haraka, vidole vikigongana: *Usiogope. Hasira ni za mdomoni. Moyo wake umetulia kabisa. Sema naye.*

Sebuleni, simu ya Mayunga ikatetemeka mfukoni. Akaisoma chini ya meza. Akaisoma mara ya pili. Kijana wa watu, mwenye akili zake timamu, aliyefundishwa adabu akafundishika, akainua kichwa.

"Baba, shikamoo tena."

"Niliitikia ya kwanza."

"Baba, naomba niseme kidogo."

Mzee Kija akamkanyaga mguu. Mayunga akauvuta mguu wake na kuendelea. "Mimi najua kabisa kwamba moyoni mwako huna tatizo na mimi."

Mzee Kija alifumba macho, midomo ikicheza, pengine alikuwa anasali.

"Unajua nini?" akauliza Mzee Adolfu polepole.

"Moyo wako, Baba. Najua umetulia."

"Kijana, uliingia lini moyoni mwangu ukakuta pametulia?"

"Sikuingia, Baba. Nimeambiwa tu."

"Umeambiwa na nani? Watu wanajadili moyo wangu? Mimi nimekaa kwenye kiti changu, kumbe moyo wangu unazungumzwa mitaani mpaka Katandala?"

Halafu akahamia Kifipa. Mama Lydia aliposikia Kifipa akaacha mwiko ndani ya sufuria. Mzee Adolfu akihamia Kifipa mbele ya wageni, ujue Kiswahili kimeshindwa kubeba alichonacho. Na kibaya zaidi, alisimama akachukua kofia yake msumarini akaivaa.

"Mama, amevaa kofia," Lydia akanong'ona, machozi yakimlenga.

"Nimeona, mwanangu."

Waliijua kofia ile. Mzee Adolfu akisimama na kofia kichwani, anatoa kauli, na kauli yake hairudi. Kuna mwaka mwiba wa samaki ulimkwama kooni, akavaa kofia na kusema samaki wa Kipili haingii tena nyumba hii. Basi mpaka leo Mama Lydia hula migebuka kwa jirani, amesimama, kama mwizi. Neno la hapana likimtoka leo, Lydia angezeeka na kihisi chake.

"Sikilizeni wote," Mzee Adolfu akaanza. "Leo, mbele ya wageni hawa, mimi nasema..."

Simu ikalia.

Haikulia mlio wa kuitwa. Ilipiga ukelele wa hatari, ule ambao Lydia alikuwa amewahi kuusikia maabara tu. Akatazama kioo. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na tano. Namba zilikuwa zinapanda huku anaziangalia.

Pazia likang'oka kweli. Lydia akaingia sebuleni nalo begani.

"Baba, usiseme! Kaa chini! Usiseme neno!"

"Nina nini?"

"Moyo wako unakimbia!"

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Baba, huu si mzaha! Una maumivu kifuani?"

"Sina."

"Mkono wa kushoto?"

"Sina maumivu popote, mtoto wewe, hebu nimalizie..."

"Hana maumivu!" Lydia akapiga yowe. "Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote!"

Mama Lydia akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauona uso wa mwanawe, naye akaanza kulia palepale bila kuuliza. "Adolfu, usiniache na madeni ya mbolea!" Mzee Kija akaanza kumfungua Mzee Adolfu shati. Mzee Adolfu akaling'ang'ania shati lake kwa mikono miwili, akilibana kifuani kama bibi harusi anayelinda shela.

"Hakuna kufungua! Shati langu msiliguse!"

Mayunga hakusubiri kuagizwa. Aligeuza mgongo, akachuchumaa. "Panda, Baba. Barabarani kuna bajaji, tunakwenda hospitali."

"Mimi sipandi mgongoni kwa..."

Hakumaliza. Mayunga alimnyanyua, akamtupia mgongoni, akatoka naye mlangoni. Msafara ukaingia uani: Mayunga mbele na mzee, Lydia pembeni na simu inayopiga kelele, Mama Lydia na mwiko, Mzee Kija nyuma na kiatu kimoja cha Mzee Adolfu.

Lydia alimtazama Mayunga alivyoinama chini ya uzito ule, jasho likimtiririka kwenye baridi ya Sumbawanga, amembeba mtu aliyekuwa karibu kumkataa. Alimpenda wakati ule mpaka ikamuuma. Akawaza, baba akifa leo nitampoteza na huyu pia, maana nitajichukia mimi na mashine yangu.

"Imefika ngapi?" Mzee Adolfu akauliza kutoka mgongoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mia na thelathini na tano. Baba, usiongee."

"Mungu wangu!" akasema mzee. Lakini hakushika kifua. Aligeuza shingo akatazama nyuma ya nyumba.

Walipofika getini Mayunga akasimama ghafla.

"Lydia."

"Twende, Mayunga, unasimamia nini?"

"Lydia, moyo wa mzee uko mgongoni kwangu. Nausikia. Unagonga taratibu kabisa."

"Haiwezekani! Angalia hapa!"

"Naona. Lakini hapa mgongoni ni kitu kingine." Akageuza kichwa kidogo. "Baba, samahani. Kile kihisi umekibandika?"

Mzee Adolfu akavua kofia.

"Nishushe, kijana."

Akashushwa. Akasimama na mguu mmoja wa soksi kwenye matope, akaitazama kofia, akamtazama mke wake, akatazama kila mahali isipokuwa kwa binti yake.

"Kiko kwa Kamanda," akasema.

"Kamanda gani?" Lydia akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Kwani tuna makamanda wangapi hapa?"

Kamanda alikuwa maksai wa kulimia, mweusi, mwenye kiburi, aliyekuwa anaishi kwenye zizi nyuma ya jiko na kupendwa na Mzee Adolfu kuliko baadhi ya ndugu zake.

"Baba! Kihisi cha utafiti! Umembandika ng'ombe?"

"Alikuwa hali vizuri, Lydia. Siku nzima amesimama tu. Wewe umekuja na dude linalosoma moyo. Moyo wangu mimi naujua, nimezaliwa nao. Wa Kamanda siujui. Na Kamanda akifa, hapa hatulimi. Nikamnyoa kidogo kifuani, nikambandika. Nilitaka nikwambie, nikaona utanikasirikia."

"Umemnyoa?" Mama Lydia akafuta machozi mara moja. "Kwa wembe gani?"

"Mama Lydia, sasa si wakati wa..."

"Adolfu! Kwa wembe gani? Wangu?"

Lydia alikuwa ameduwaa. Kila kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwake. Moyo mtulivu wa sitini na mbili, wakati baba anafoka. Na ile mitetemo ya usiku. "Kwa hiyo Baba, usiku husagi meno?"

"Meno gani? Haya yaliyobaki hayakutani."

"Alikuwa anacheua," akasema Mayunga, na licha ya yote kicheko kilimponyoka. "Umerekodi ng'ombe anacheua wiki nzima!" Halafu kicheko kikakatika. "Ngoja. Mia na thelathini na tano kwa ng'ombe aliyelala tu zizini? Mjomba!"

Mzee Kija alikuwa ameshaanza kukimbia.

Kamanda walimkuta amelala, ubavu wa kushoto umevimba mpaka ngozi inang'aa, ulimi nje, macho yamemtoka. Mzee Adolfu akapiga magoti kwenye mavi na kumshika pembe, akimwita jina kwa Kifipa, na safari hii kilikuwa Kifipa cha kubembeleza.

"Amejaa upepo," akasema Mzee Kija. "Tumsimamishe. Miguu ya mbele iwe juu, kwenye kile kichuguu. Mama, una mafuta ya alizeti?"

"Nina ya wali wenu!"

"Lete hayohayo."

Wakamsukuma, wakamvuta, akasimama akiyumba. Mayunga alikata kijiti akamtia mdomoni kwa upande, akakifunga kwa tai yake mwenyewe nyuma ya pembe, ili mnyama atafune na upepo upate njia. Kisha akaegemeza bega ubavuni na kuanza kumkanda kwa ngumi, wakati Mzee Kija anamnywesha mafuta kwa chupa. Lydia alisimama upande wa pili na simu.

"Mia na arobaini!"

"Soma tu, usilie."

"Silii!" akasema Lydia, huku analia. "Mia na arobaini. Bado. Bado. Mia na thelathini na nane!"

Juu ya mgongo wa ng'ombe macho yao yakakutana. Hapo ndipo walipotazamana kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, katikati ya harufu ile, na Lydia akasahau kusoma namba.

"Ngapi?" Mzee Adolfu akafoka. "Mnatazamana nini? Ngapi?"

"Mia na ishirini, Baba!"

Kamanda akabeua. Haukuwa mbeuo wa kawaida. Ulitoka mrefu, wa moto, wenye harufu ya shamba zima, na kofia ikamponyoka Mzee Adolfu mkononi. Na kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umefunguka, na wa nyuma ukafunguka. Mayunga alikuwa amehamia huko kumsukuma. Alifunikwa kuanzia shingoni hadi magotini.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanaisikiliza simu. Mia na tano. Tisini. Ikanyamaza.

Mzee Kija akakitoa kile kijiti, na pamoja nacho akavuta mche mrefu wenye majani mabichi kutoka mdomoni mwa Kamanda. Akauinua juu.

"Mzee mwenzangu, haya ni maharage."

"Mimi sikulima maharage mwaka huu," akasema Mzee Adolfu.

"Ni ya nani basi?"

Wote wakageuka. Ua wa nyuma ulikuwa na tundu la ukubwa wa ng'ombe, na ng'ambo yake shamba la maharage la Mama Jenifa, jirani, lilikuwa limefyekwa katikati. Mama Jenifa mwenyewe alikuwa bado kanisani.

"Labda," Mzee Kija akasema kwa upole mkubwa, "ni ng'ombe wa kwetu walipita." Akainama kumwangalia Kamanda kichwani. "Lakini hizi pembe ni za hapahapa."

Mabega ya Mzee Adolfu yakaanza kutikisika. Lydia akashtuka, akadhani ni moyo sasa, wa kweli. Kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mti wa zizi, akacheka mpaka machozi, na Mama Lydia naye akacheka, akimpiga mume wake mgongoni na mwiko.

Alipotulia, akaokota kofia, akaifuta, akaishika mkononi bila kuivaa. Akamtazama Mayunga, muda mrefu. Kijana alikuwa amesimama anadondoka, mikono mbali na mwili, hajui pa kuiweka.

"Ile kauli yangu ya sebuleni," Mzee Adolfu akamwuliza Mzee Kija. "Nilifika wapi?"

"Ulifika kwenye 'mimi nasema'."

"Kwa hiyo sikusema."

"Hukusema, mzee."

"Basi sikusema." Akakohoa, akaweka shati sawa. "Lydia!"

"Abee, Baba."

"Hawa wageni, unawafahamu?"

Mama Lydia akaziba mdomo kwa mkono. Mzazi anayetaka kukataa haulizi swali hilo. Humaliza mwenyewe. Anayeuliza amewafungulia wageni mlango, na jibu la binti ndilo linalowaingiza ndani.

Miezi yote Lydia alikuwa amejifunza jibu lake. Lilikuwa jibu zuri, la heshima, la kusemwa kwa sauti ya chini, macho yakiwa chini, umevaa kitenge kipya. Sasa kitenge kilikuwa na matope mpaka kiunoni na jibu lote lilikuwa limemtoka kichwani. Akamtazama Mayunga. Mayunga akamtazama yeye, na kijana huyo aliyethubutu kumnyanyua baba mkwe kama gunia alikuwa hathubutu hata kujifuta uso.

"Mzee huyu namheshimu, Baba," akasema Lydia. "Na huyu mwenye mavi ya ng'ombe mpaka masikioni, huyu ni wangu."

Mzee Adolfu akatikisa kichwa taratibu, akafikiri.

"Basi mpeleke akanawe," akasema. "Posa hailetwi hivyo."